Korosho Mbili za Kichwani mwa Mke Wangu

Siku hizi nakumbuka kwa niaba ya watu wawili, na kazi hiyo inachosha kuliko kulima. Kulima kuna jioni, unaosha jembe unakaa. Hii haina jioni.

Shule nilifika darasa la pili, kule Kiranjeranje. Mwalimu akahamishwa, na mimi nikahamia kwenye mikorosho ya baba. Kuandika hasa nimejifunzia ukubwani, kwa hiyo nikipotea njia humu ndani nivumilieni, huwa narudi. Anayepotea kweli ni mke wangu, na habari yenyewe ni yake.

Mke wangu ni mtu wa Kilwa Kivinje, wale wa tangu na tangu, ambao wanakuonyesha makaburi ya babu zao kama mimi ninavyoonyesha shamba. Mimi nilishuka kutoka huko juu na magunia ya korosho, Kiswahili changu kina Kimatumbi tele ndani yake, na wakwe zangu waliniita mtu wa porini mpaka ndevu zikawa nyeupe. Yeye alikuwa anauza pweza wa kukaanga sokoni. Pweza wake... hapana, nikianza habari za pweza hatutamaliza. Niseme tu kwamba watu walikuwa wanatoka Kilwa Masoko kuja kumla, halafu wakiulizwa wanasema wamekuja kusalimia ndugu.

Kusahau kulianza kidogo kidogo. Chumvi mara mbili chunguni. Akaanza kuniita kwa jina la kaka yake aliyefariki, nami nikaitika, maana kubishana kunachosha. Kisha asubuhi moja akajitwisha beseni tupu akatoka kwenda kuuza pweza, kazi aliyoiacha miaka mingi. Wakamkuta kwenye njia ya Masoko, amekaa pembeni, anawauliza wapita njia kwa nini soko limehamishwa na yeye hakuambiwa. Mtu wa bodaboda akamrudisha, hakutaka hata nauli. Safari nyingine aliacha mafuta motoni akaenda kwa jirani kuomba moto. Ukuta wa jiko uko mweusi mpaka leo, nimeshindwa kuupaka chokaa.

Habari zikamfikia binti yetu Dar es Salaam. Ndiye mtoto tuliye naye, hatuna mwingine. Akapanda basi, akashuka na begi moja, akatazama ule ukuta mweusi, akangoja mpaka tulipokwisha kula.

"Baba, mama nakwenda naye."

"Kwenda naye wapi?"

"Kwangu. Kuna geti, kuna dada wa kazi, hospitali iko karibu. Na wewe uje."

Mimi Dar nimewahi kukaa kwake, mwezi mmoja tu, na nilirudi nimekonda. Lakini sababu yangu haikuwa hiyo. Huyu mwanamke hapa Kivinje miguu yake inajua njia hata kichwa kikilala. Choo kiko wapi, kisima kiko wapi, mkono unakwenda wenyewe. Akipotea, mji mzima unamjua, wanamrudisha nyumbani huku wanamtania. Dar nani atamrudisha? Mlinzi wa getini? Hayo ndiyo niliyomwambia binti yangu. Ambayo sikumwambia ni kwamba nimezoea kusikia mtu akigombana na kuku uani, na sikutaka kuzeeka kwenye nyumba ambayo kuku hawagombezwi.

Tukavutana siku ile na siku iliyofuata. Mwisho binti akasema, "Basi twende akapimwe. Siku hizi wanapiga picha ya ubongo, kompyuta inaupima yenyewe. Ikionekana ni ugonjwa, anabaki kwangu na wewe hutabisha. Ikiwa ni uzee tu, mimi mwenyewe namrudisha."

Nikasema haya. Ningesema nini?

Mke wangu alikuwa anasikiliza, anamenya muhogo. Kisu chake kilikuwa kinakwenda bila kosa, ganda linatoka refu. Akasema, "Nyie mnaniuza au mnaninunua?"

"Tunakwenda kukupima kichwa, mama."

"Kipimeni. Mtakuta kimejaa madeni ya wateja wangu."

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo kwenye habari ya umri, maana bila hiyo mtu hatanielewa. Sisi wazee wa huku hatukuzaliwa na karatasi. Walipokuja kutuandikisha vitambulisho, kijana aliyekuwa anaandika akauliza tumezaliwa lini, kila mtu akajibu kama alivyojua: mimi nilizaliwa njaa fulani, mimi nilikwenda jando pamoja na fulani, mimi nilichezwa unyago mwaka ule mvua ilipovunja daraja. Yule kijana kalamu inamkaukia. Mwisho akawa anamtazama mtu usoni, anakadiria. Mke wangu alikuwa amejipaka mafuta ya nazi, mnene, ngozi inang'aa, anacheka. Kijana akaandika umri wa mwanamke mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Nikafungua mdomo nisahihishe, mke wangu akanifinya pajani.

"Mwache mtoto wa watu afanye kazi yake," akasema. "Andika hivyo hivyo, mwanangu, umenipunguzia mzigo."

Ukumbi mzima ulicheka. Tukatoka na kadi yake, na kwa miezi kadhaa akawa ananiita babu, ananiambia nimemuoa mtoto mdogo nitafungwa. Nusu ya wazee wa mtaa wetu tulizaliwa tarehe mosi Julai kwa kalamu ya yule kijana. Tulilichukulia kuwa jambo la kuchekesha, basi. Nani angejua kwamba kadi ile itakuja kukaa mezani kwa daktari?

Tukasafiri. Safari siisimulii, ilikuwa ndefu na mgongo uliniuma.

Hospitali yenyewe ilikuwa kubwa, vigae vinateleza. Binti yangu ndiye aliyekwenda dirishani, akatoa kadi ya mama yake, wakaandika kila kitu kama kilivyo kwenye kadi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi namzuia mke wangu asivue viatu, maana alidhani tumeingia msikitini.

Daktari wa picha alikuwa mwanamke kijana, amevaa ushungi na miwani. Akatuamkia, "Shikamoo babu, shikamoo bibi." Tukaitika marahaba. Akaeleza kwamba bibi ataingia kwenye mashine kama bomba, ina sumaku kali, kwa hiyo chuma chochote kitoke mwilini. Bangili zikatoka. Hirizi ya mkononi ikatoka, na hapo mke wangu alinuna. Kikabaki kipini cha puani. Kipini kile sijawahi kukiona kimetoka. Aliolewa nacho, kikazeeka naye. Daktari alijaribu, kikagoma, ikabidi nikitoe mimi kwa mafuta kidogo, taratibu, na mke wangu amenitumbulia macho kama mtoto anayetobolewa sikio. Kilipotoka, uso wake ukawa wa mtu mwingine. Nilikifunga kwenye ncha ya leso nikakishika mkononi muda wote ule.

"Bibi, humo ndani usitikisike hata kidogo. Ukitikisika picha inaharibika, na kompyuta itapima vibaya. Kuna kelele nyingi, usiogope."

Niliogopa mimi. Mwanamke ambaye hatulii kitandani atatulia kwenye bomba? Tukakaa upande wa pili wa kioo. Mashine ikaanza kugonga, du du du, mara inaguna, mara inapiga kasi. Mke wangu kimya. Hakutikisa hata kidole cha mguu. Daktari mwenyewe alishangaa, akasema hata vijana wanamsumbua kuliko hivi.

Alipotolewa akaketi, akanitazama, akauliza kwa sauti ndogo, "Nimeshatolewa nje?"

Mimi nikaelewa. Binti yangu hakuelewa. Mwali wa huku akichezwa unyago anawekwa ndani, anafundishwa kulala kimya ngoma zikilia, asiinue macho, mpaka siku ya kutolewa. Mke wangu alisikia zile ngoma za mashine akarudi kulekule. Nikamwambia, "Umeshatolewa, bibie. Umependeza."

"Nguo yangu mpya iko wapi?"

"Iko nyumbani."

Basi. Tukarudi kesho yake kusikiliza majibu. Daktari akageuza kioo cha kompyuta tukione. Kichwa cha mke wangu kimekatwa vipande vyembamba vyembamba kama mkate wa boflo, na kila sehemu imepakwa rangi yake, nyekundu, kijani, buluu, manjano. Nikauliza nani kapaka.

"Kompyuta, babu. Kuna programu inatambua yenyewe sehemu za ubongo, inazipaka rangi, halafu inazipima ukubwa. Mimi nafuata nyuma yake kwa macho, maana mara nyingine inapaka nje ya mpaka. Hapa imepaka sawa."

Akatuonyesha vitu viwili vidogo, kimoja kulia, kimoja kushoto, vimejikunja ndani huko chini. Nikasogea karibu, maana nilivijua. Yaani umbo. Ni korosho. Korosho iliyobanguliwa, imepinda vile vile, tumbo kwa ndani. Nimeshika korosho maisha yangu yote, sikujua kwamba nimebeba mbili kichwani.

"Hizi ndizo zinazotunza kumbukumbu mpya," daktari akasema. "Kusahau kwa ugonjwa mara nyingi kunaanzia hapa, zinasinyaa."

"Za kwake ni kubwa kiasi gani?"

"Tunapima kwa mililita."

"Kama mafuta ya taa?"

Akacheka. "Kama dawa ya kikohozi, babu. Kila moja haijai kijiko cha chai."

Kijiko cha chai! Soko zima la Kivinje, wateja wa pweza, mimi na ndevu zangu, ndugu zake wote na makaburi yao, haijai kijiko cha chai.

Kisha akafungua ukurasa mwingine. Kulikuwa na mchoro, utepe mpana wa kijivu unateremka kuelekea kulia kama barabara inayoshuka mlima, na nukta moja nyekundu chini ya utepe, nje kabisa. Akaeleza kwamba utepe ni wanawake wengine wenye umri kama wa mgonjwa. Wengi wako ndani ya utepe. Nukta ni mke wangu.

"Kwa mwanamke wa miaka hii," akasema taratibu, "ni ndogo. Ni ndogo sana."

Binti yangu akaanza kulia. Hakulia kwa sauti, alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akanishika mkono. "Umeona, baba? Umeona?" Wala hakuwa anashangilia ushindi. Nataka hilo lieleweke. Mtoto alikuwa anampenda mama yake na alikuwa ameogopa kwa muda mrefu.

Mimi nilikuwa naitazama ile nukta. Nikauliza, "Hao wanawake wengine wa wapi?"

"Wengi wa Ulaya na Marekani, babu. Wa kwetu waliopimwa bado ni wachache, na hilo ni tatizo, sikufichi."

"Na umri wao mmeujuaje?"

"Umri wao unajulikana." Akanitazama juu ya miwani. "Jana niliuliza dirishani kama umri wa bibi ni wa uhakika. Wakaniambia ndio, upo kwenye kadi."

"Ni wa kadi," binti akasema. "Ni wa kadi ya taifa."

"Kadi ile ilikadiriwa," nikasema. "Mama yako alichezwa mwaka wa Uhuru. Ngoma zake na ngoma za Uhuru zilipishana kidogo tu. Kwa kadi hiyo, wakati wa Uhuru alikuwa mtoto wa mgongoni."

Binti akavuta pumzi. "Baba, kila mzee alikuwa mkubwa wakati wa Uhuru. Nimekua nazisikia hizo. Wewe hutaki tu mama abaki kwangu."

Na kweli sikutaka. Ndiyo maana neno lake liliniuma. Mtu anayetaka jambo sana hata akisema kweli anasikika kama anatafuta njia. Daktari naye alikuwa anangoja, kalamu mkononi.

Basi ikabidi niseme jambo ambalo nyumbani kwetu hatulisemi. Binti yangu anajua alikuwa na kaka aliyetangulia. Tulimwambia hivyo tu, kaka yako alitangulia, akakua akidhani ni mwaka mmoja au miwili kabla yake. Mama yake alikataa lizungumzwe, na mimi nikanyamaza naye, tukanyamaza mpaka ikawa kama hakuwahi kuwepo.

"Kaka yako," nikasema, "alizaliwa muda mfupi baada ya sisi kuoana. Alitembea. Alikuwa anafukuza kuku. Surua ikamchukua, na tulimzika kabla ya Azimio kutangazwa redioni, miaka mitano baada ya Uhuru, nakumbuka kwa sababu watu walipokuwa wanaimba barabarani mama yako alikuwa bado hajarudi sokoni kwa msiba. Baada yake tulikaa miaka na miaka hatupati, mpaka Mungu akatuletea wewe. Sasa hesabu mwenyewe. Kwa kadi hiyo, mama yako alimzaa akiwa na miaka minne."

Mke wangu, ambaye muda wote alikuwa anatazama zile rangi, akasema, "Alikuwa anaogopa jogoo. Kuku anafukuza, jogoo anamkimbia."

Binti akamgeukia. "Nani, mama?"

"Mwanangu." Akasema hivyo kama anamjibu mteja. Kisha akaonyesha kioo. "Hiki kitambaa kizuri. Shilingi ngapi?"

Sijui kama ile ilikuwa kwenye zile korosho mbili au ilikuwa imehifadhiwa mahali pengine. Daktari aliniambia baadaye kwamba mambo ya zamani yanakaa sehemu nyingi. Nilipenda hivyo.

Daktari akavuta kibao chake cha herufi. Tukakadiria pamoja, mwaka wa Uhuru, umri wa kuchezwa, akaandika umri mpya, akabonyeza. Nilidhani mashine itagonga tena, lakini haikutoa hata sauti. Nukta ikahama kwenda kulia, utepe ulikuwa umeshuka huko, na nukta ikaingia ndani. Imeingia chini kabisa, karibu na ukingo, lakini iko ndani.

"Korosho zimekua?" nikauliza.

"Hapana, babu. Kipimo ni kile kile. Tumebadilisha wa kulinganishwa nao tu." Kisha akaweka kalamu chini, akazungumza na sisi sote wawili, mimi na binti yangu. "Naomba mnisikilize vizuri. Hii haina maana kwamba bibi ni mzima. Ina maana kwamba picha hii peke yake haiwezi kusema ni mgonjwa. Beseni tupu na moto wa jikoni, hayo mnayajua nyinyi, kompyuta haiyajui. Mrudisheni baada ya mwaka. Safari hiyo tutamlinganisha na yeye mwenyewe, wala si na Wazungu. Hapo ndipo tutajua. Na kwa sasa, popote atakapokaa, asiachwe peke yake. Hata kidogo."

Tukatoka. Kwenye ngazi binti yangu akasimama, akavuta pumzi. "Nilisema nitamrudisha."

"Ulisema."

"Alikuwa anafukuza kuku kweli?"

"Kweli."

Akaitikia kwa kichwa. Nikafungua ncha ya leso, nikamrudishia mke wangu kipini chake nilichokisahau tangu jana, pale pale ngazini, watu wanapita. Tundu lilikuwa limeanza kujifunga, akanitukana tusi la Kivinje ambalo siliandiki. Binti yangu akacheka huku analia.

Ndivyo nilivyoshinda. Watu wanaponipongeza naitikia, lakini hakuna anayejua uzito wake. Nilitaka abaki na amebaki, na sasa kubaki kwake ni kazi yangu. Binti anatuma mwanamke wa kusaidia kupika, anapiga simu kila jioni, hajanilaumu hata siku moja. Shamba la Kiranjeranje nimempa mtu alitunze kwa nusu ya mavuno, korosho zake sizioni mpaka ziko ndani ya gunia. Mikorosho mingine ameshaikata matawi bila kuniuliza. Siwezi kuwa sehemu mbili.

Asubuhi mke wangu akijitwisha beseni simzuii. Nimejaribu kumzuia, anapiga kelele kwamba kuna mzee mgeni amemfungia ndani, na majirani wanatoka. Kwa hiyo anatoka, na mimi natoka nyuma yake na fimbo yangu. Magoti yanalia. Watu barazani wanatusalimia, yeye kwanza, mimi baadaye, na wale wa zamani wanamuuliza pweza wa leo vipi, anawajibu leo hakuna, bahari imechafuka.

Juzi alisimama katikati ya njia akageuka.

"Wewe mzee, unanifuata nini?"

"Sikufuati. Nakwenda zangu sokoni."

"Sokoni ni huku huku. Basi tangulia, sipendi mtu mgongoni."

Nikatangulia. Tangu siku ile ndivyo tunavyokwenda, mimi mbele, yeye nyuma, na siruhusiwi kugeuka. Naenda polepole, nasikiliza ndala zake zinavyoburuza mchanga. Zikinyamaza, na mimi nasimama, najifanya natoa jiwe kiatuni. Zikianza tena, naendelea. Mwaka wa daktari haujatimia bado. Utatimia, tutapanda basi, nitakitoa kipini kwa mafuta, na kompyuta itapaka rangi zake. Mpaka hapo mimi sina kipimo kingine, ni zile ndala.